Saa 50 na mhuri: barua ya wazi kwa Bodi ya shule yetu ya Kikristo

Kwa Mwenyekiti wa Bodi, Mkuu wa Shule, Mchungaji wa Shule, na Idara ya Elimu ya Dayosisi.

Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mlezi katika kituo cha wazee cha kanisa, na ni mzazi wa mwanafunzi wa kidato cha tatu shuleni kwenu. Fomu yenu ya Huduma kwa Jamii naifahamu kwa pande zote mbili: inaingia nyumbani kwangu ikiwa tupu ndani ya begi la mtoto, na inaletwa kazini kwangu niigonge mhuri. Naandika hadharani kwa sababu jambo lenyewe si la shule yetu peke yake. Walezi wenzangu wa vituo vya yatima na wauguzi wa hospitali za misheni ninaokutana nao kwenye semina za diakonia, yaani huduma ya kanisa kwa wahitaji, wana malalamiko yaleyale. Tunalalamika kwenye chai, chai ikiisha tunarudi kugonga mihuri.

Kwa wasiolijua sharti lenyewe: kila mwanafunzi awe amefikisha saa 50 za huduma kabla ya mahafali ya kidato cha nne, na kila saa iwe na sahihi na mhuri wa mahali alikohudumu. Asiyefikisha havai joho siku ya mahafali. Cheti chake cha kumaliza shule, kile chenye maoni ya mkuu wa shule kuhusu tabia, kinazuiwa mpaka alete fomu iliyojaa. Cheti cha Baraza la Mitihani hamkigusi, wala hamna mamlaka ya kukigusa. Hilo wazazi wengi hawalijui na watoto wamekuwa wakitishwa nalo mabwenini, kwa hiyo ingefaa mliseme wazi mstarini.

Wapo wazazi wanaotaka sharti lifutwe kabisa, wakisema wema wa kulazimishwa si wema. Siko pamoja nao. Hisabati nayo ni ya lazima, na hakuna aliyesubiri mwanawe aipende kwanza. Huko Marekani miaka ya 1990 familia zilifika hadi mahakamani kupinga masharti ya namna hii. Katika mji wa Bethlehem, Pennsylvania, shule za umma zilidai saa 60, na wazazi wakadai kwamba kumfanyisha mtoto kazi bila ujira ili apate cheti ni utumwa uliokatazwa na Katiba yao. Mahakama ya rufaa ikawakatalia mwaka 1993, na kesi nyingine za aina hiyo zikaishia hivyohivyo. Naona majaji walikuwa sahihi. Shule inayojiita ya Kikristo ikimwacha kijana miaka minne bila kumgusa mgonjwa wala kumsikiliza mzee, haijamaliza kazi yake. Dayosisi na majimbo hayakuanzisha upya shule zao, baada ya zile za zamani kutaifishwa miaka ya mwisho ya sitini na mwanzo wa sabini, ili tupate daraja la kwanza tu. Daraja la kwanza linapatikana kwingine pia.

Ninacholalamikia ni kipimo, na ninyi mnajua kinavyofanya kazi.

Mahafali ya kidato cha nne hufanyika Septemba au Oktoba, kabla ya mtihani wa taifa wa Novemba. Kwa hiyo saa zilizolala tangu kidato cha kwanza huamka zote Agosti. Shule zinagongana getini kwetu. Machi na Aprili, masika yanaponyesha, mablanketi hayakauki na tunahitaji mikono kuliko wakati mwingine wowote, hatumwoni mtu.

Basi linaahidiwa saa tatu asubuhi. Tunawatoa wazee mapema, tumewavisha nguo za Jumapili, tumewapanga kwenye mabenchi chini ya mwarobaini. Basi linafika saa sita kasoro. Inaanza kwaya, inafuata risala, na risala inasomwa kwa watu ambao nusu yao hawasikii vizuri. Kisha zawadi zinapangwa chini: miche ya sabuni, unga, sukari, mafuta ya kula, chumvi, na mbele yake bango lenye jina la shule. Wazee wanaombwa wasogee kidogo wasizibe bango. Bibi mmoja mwenye kisukari aliniuliza kwa sauti ya chini kama picha zikiisha ataruhusiwa kula, maana uji wake wa saa nne ulikuwa umepita. Nikamtoa kwenye mstari. Mwalimu aliyeshika kamera hakupenda, kwa sababu bibi yule ndiye aliyekuwa anatabasamu.

Saa nane basi linaondoka, na mimi nabaki na bunda la fomu zilizokwisha kuandikwa saa sita kila moja, pamoja na safari. Ndani ya hizo saa sita hakuna kucha iliyokatwa.

Nataja kucha kwa sababu ndiyo kazi inayotushinda kila siku. Kucha za miguu za mtu wa miaka themanini hulowekwa kwanza kwenye maji ya uvuguvugu. Kama ana kisukari, hakati mtu asiyeelekezwa, kwa sababu kidonda kidogo kinaweza kumaliza mguu. Lakini kwa mzee asiye na kisukari, kijana wa miaka 16 anaweza kupima joto la maji kwa kiwiko, kuloweka, kukausha katikati ya vidole, kupaka mafuta, na kumwita muuguzi akiona jeraha. Inachukua nusu saa, na katika nusu saa hiyo mzee anasimulia. Nimewaona wazee wasioongea na sisi walezi wiki nzima wakaeleza habari za mkonge wa Tanga kwa mtoto aliyeshika mguu wao kwenye beseni. Kazi nyingine ni ndogo kuliko hiyo. Mtu anasomewa ujumbe ulioingia kwenye simu. Mwingine anapigiwa mwanawe aliyeko Dar es Salaam, na kijana anakaa pale simu isipopokelewa. Mwingine anasindikizwa hospitali. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilizungumzia matibabu bila malipo kwa wazee, na dirisha la wazee lipo, lakini dirisha hilo linahitaji mtu wa kushika kitambulisho na kukumbuka dawa ipi ni ya asubuhi.

Kazi hizi zote zina tabia moja: haziwezi kufanywa na mgeni wa siku moja. Mzee hampi mguu wake mtu asiyemjua. Mara ya kwanza anakataa, mara ya pili anamuuliza ni mtoto wa nani, mara ya tatu ndipo anavua kiatu. Sharti la saa 50 linaweza kutimizwa na mwanafunzi ambaye hakuna mzee hata mmoja anayelijua jina lake.

Kuna suala la fedha pia. Kila mzazi anatoa Sh 15,000 za "matendo ya huruma". Kwenye kikao cha wazazi tulisomewa mchanganuo, na sehemu kubwa ilikwenda kwenye kukodi mabasi, iliyofuata kwenye fulana zenye nembo, sabuni na unga vikachukua kilichobaki. Kutoka getini kwenu hadi kwetu ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Na wapo wazee wanaoishi peke yao karibu zaidi ya hapo, nyuma tu ya uwanja wenu wa mpira, ambao mipira ya watoto wenu huangukia kwenye migomba yao. Hakuna basi lililowahi kusimama hapo.

Mzazi mwenye haraka anajua pa kwenda. Mhuri ni mhuri, na fomu yenu haisemi utoke wapi. Nimeletewa sukari kilo mbili na fomu tupu ndani ya mfuko mmoja. Nikavirudisha vyote viwili, na baada ya wiki nikamwona mtoto yule kwenye orodha ya waliokamilisha. Simlaumu mtoto. Amefundishwa kwamba huduma ya Kikristo ni karatasi, na karatasi zina bei, na somo hilo halihitaji marudio.

Wakati huohuo yupo binti wa kutwa anayeishi na bibi yake aliyepooza upande mmoja. Anaamka saa kumi alfajiri, anamgeuza, anambadilishia shuka, anamwachia uji kwenye chupa ya chai, ndipo anavaa sare. Fomu yake ina saa 12, zote za kufyeka nyasi kwenye uwanja wa zahanati. Ameambiwa ya nyumbani hayahesabiki kwa kuwa hakuna taasisi ya kugonga mhuri. Paulo anamwagiza Timotheo kwamba watoto na wajukuu wajifunze kwanza kuwatendea inavyopasa watu wa jamaa yao wenyewe. Ni waraka wa kwanza, sura ya tano, mstari wa nne. Kwa kipimo chenu binti huyu hatavaa joho. Kwa kipimo cha Timotheo angepaswa kutufundisha sisi.

Sasa niseme la fyekeo, ambalo najua litawakera baadhi ya walimu. Fomu ya kujiunga na shule inaagiza kila mwanafunzi aje na jembe, fyekeo, ndoo na fagio la chelewa. Mtoto anakutana na vifaa hivyo kwanza kwenye adhabu. Amechelewa mstarini, anafyeka. Ameongea Kiswahili siku ya Kiingereza, anachota maji ya jikoni. Amesinzia wakati wa kujisomea usiku, anasugua vyoo. Kwa miaka mitatu anafundishwa kwamba kazi ya mikono ni malipo ya kosa, halafu anapewa fyekeo lilelile na kuambiwa kuwa sasa ni upendo. Kuna kijana alikuwa anasafisha choo cha wazee wetu akamuuliza mwenzake, "Sisi kosa letu lipi?" Alikuwa anatania, na wote wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini swali lilikuwa la haki.

Nchi hii imeshapita njia hiyo. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 haikuishia kwenye jembe; Mwalimu Nyerere alitaka wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba lao wenyewe. Shule nyingi zilichukua jembe zikaacha maamuzi. Azimio la Musoma la 1974, la chama cha TANU, likaenda mbali zaidi: tabia na bidii ya kazi vikaingizwa kwenye tathmini ya mwanafunzi, na aliyemaliza kidato cha sita hakuingia Chuo Kikuu moja kwa moja, bali baada ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) na kazi, akiwa na barua ya pendekezo mkononi. Waliopitia mpango ule wanasimulia jinsi pendekezo lilivyotafutwa kwa bidii kuliko kazi yenyewe. Haikuchukua miaka mingi ukaanza kulegezwa. Nia yake ilikuwa njema kama yenu.

Kwenye kikao mlituambia mmejifunza kwa wenzetu wa nje. Ni kweli Maryland, Marekani, inadai saa 75 kwa mwanafunzi wa shule ya umma kabla ya kuhitimu, na Ontario, Kanada, iliweka sharti la saa 40 mwaka 1999. Lakini Maryland wanataka pia maandalizi kabla ya kazi na tafakari baada yake: mtoto ajue kwanza tatizo ni nini, atende, kisha arudi alijadili. Ninyi mlinakili namba. Mpango wa International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa unaofundishwa katika shule chache za kimataifa hapa nchini, ulikuwa na hesabu ya saa 150 za shughuli za nje ya darasa, huduma ikiwemo. Wenyewe wakaiacha, sasa wanatazama mwanafunzi amejifunza nini na kama alidumu nayo. Na jirani zetu Kenya wameifanya huduma kwa jamii kuwa somo katika sekondari ya juu ya mtaala wao mpya, ambayo darasa lake la kwanza, la kumi, limeanza Januari 2026. Nauli ya kwenda kuwaona si kubwa kuliko kukodi mabasi ya Agosti.

Ninachoomba ni kimoja: acheni kuhesabu saa, tazameni kama mtoto anarudi.

Yaani kila mwanafunzi apewe mtu mmoja. Anaweza kuwa mzee kituoni kwetu, au mzee wa nyuma ya uwanja wa mpira, au mtoto wa shule ya msingi jirani anayesumbuliwa na kusoma. Aende kwake Jumamosi moja na kuacha moja, saa moja tu inatosha, kwa miguu. Waende wawili wawili kama walivyotumwa wanafunzi wa Yesu, mchana, na mtu mzima anayejulikana awepo jirani. Usalama wa watoto hasa wa kike siufanyii mzaha, na Sheria ya Mtoto ya 2009 haiufanyii mzaha pia. Waanze muhula wa pili wa kidato cha kwanza na wamalize kidato cha tatu, ili kidato cha nne waachiwe vitabu vyao. Kabla ya kuondoka, kila jozi imtambulishe kwa mzee wake mdogo wa kidato cha kwanza atakayeshika nafasi. Mzee asiachwe mpweke kila jozi inapoondoka.

Badala ya mhuri kuwe na daftari, nalo likae kwetu. Tarehe, kilichofanyika, na alichoomba mzee kwa safari ijayo. Mchungaji wa Shule alipitie mara moja kwa mwezi na kulipeleka kwenye kipindi cha dini, maana ndani yake kuna maswali ambayo mimi siwezi kuyajibu. Kijana mmoja aliniuliza kwa nini mzee aliyejenga kanisa kwa mikono yake amezeeka bila msharika hata mmoja kumtembelea. Nilimwambia amuulize mchungaji wake. Naamini bado hajapata nafasi.

Wa kutwa wenye wagonjwa nyumbani, huduma yao ihesabiwe nyumbani. Mzee wa kanisa wa mtaa husika apite, aone, aandike. Tena shule ikipita hapo itagundua kwamba binti niliyemtaja anahitaji msaada kuliko anavyohitaji sharti.

Joho msimnyime mtu. Cheti cha kumaliza shule kitolewe kwa kila aliyemaliza shule. Ila pale penye maoni ya mkuu wa shule, ambapo siku hizi kila mtoto anaandikiwa maneno yaleyale ya "mtiifu na mwenye bidii", andikeni sentensi moja ya kweli: alikuwa akienda kwa nani, tangu lini hadi lini. Asiyekwenda, nafasi ibaki wazi. Mwajiri au chuo kitajua kusoma nafasi iliyo wazi.

Mtaniambia kwamba Jumamosi ni za masomo ya ziada, na wazazi wanalipia wastani mzuri wa alama. Najua. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora tangu Januari 2023, lakini mabango getini hayajapata taarifa. Saa moja kila baada ya wiki mbili haitamshusha mtu daraja, na kama itamshusha basi tatizo lake ni kubwa kuliko Jumamosi.

Adhabu za fyekeo na choo naomba zikome. Tafuteni adhabu nyingine, ninyi ni walimu, mnazijua.

Halafu picha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu Mei 2023. Bibi wa kisukari yumo kwenye tangazo lenu la nafasi za kidato cha kwanza, ameshika mche wa sabuni, na hakuna aliyemuuliza. Mwanawe aliiona picha hiyo kwenye simu akiwa Mwanza na akanipigia kwa hasira akidhani sisi ndio tunaomtembeza mama yake kuombaomba. Iondoeni wiki hii. Mathayo sita inasema nini kuhusu sadaka na tarumbeta, Mchungaji wa Shule anaijua kuliko mimi.

Nawaarifu pia kwamba kamati ya kituo imekubaliana: kuanzia muhula ujao hatutaandika saa za safari, za kusubiri basi wala za kupiga picha. Tutaandika zilizofanyiwa kazi tu. Fomu nyingi zitarudi na namba ndogo, na ningependa mlijue hilo kutoka kwangu kabla wazazi hawajaja ofisini kwenu.

Kuna wazee kadhaa waliokubali kupokea vijana, na wapo waliokataa katakata, wana haki yao. Waliokubali wamechagua wenyewe siku, na mmoja ameomba apewe mtoto anayejua bao. Njooni Mkuu wa Shule na Mchungaji, Jumamosi yoyote kabla ya saa nne, tupange majina. Sabuni mnaweza kuja nayo, hatukatai sabuni. Basi liacheni shuleni.

Wenu katika Kristo,

Mlezi wa zamu ya asubuhi, kituo cha wazee, na mzazi wa kidato cha tatu